Mlango Usioingia Popote

Kuna sheria Kenya inayolinda milango. Sitanii. Ile Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaanza kwa kueleza maana za maneno, sehemu ambayo hakuna mtu husoma, na ukifika kwa "kitu kinacholindwa" unakuta kitu cha kwanza kabisa kutajwa ni mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Sio dhahabu, sio upanga wa sultani. Mlango. Vitu vingine vya kubebeka lazima viwe vya kabla ya 1895 ndio viitwe vya kale, yaani kabla ya Waingereza kutangaza himaya yao hapa. Mlango umeongezewa miaka hamsini na moja ya heshima.

Mbona mlango? Kwa sababu nyumba ya mawe huwezi kuiweka kwa lori. Mlango unang'oleka. Unaung'oa asubuhi, jioni uko kwa jahazi, na baada ya miezi kadhaa umekuwa meza ya kahawa kwa sebule ya mtu asiyejua hata mji uliotoka. Milango ya Lamu, Pate, Siyu na Mombasa imeuzwa hivyo kwa miaka mingi, kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, kwa mahoteli, kwa majumba ya wenye pesa zao. Wengine waliuza kwa sababu paa lilikuwa linavuja na mlango wa babu ndio kitu pekee cha bei kilichobaki. Siwezi kumlaumu mtu kama huyo. Ukiwa na njaa, nakshi hailiwi.

Ile michache iliyookolewa ndiyo unaikuta makumbusho. Na hapo ndipo shida yangu inaanzia. Kuna makumbusho moja, sitaitaja, nilisimama mbele ya mlango mzuri mpaka nikasahau simu. Maua yamechongwa, mnyororo umezunguka fremu yote, na ule mti wa katikati unaoitwa mfaa umejaa nakshi kutoka juu hadi chini. Umepigwa misumari kwa ukuta wa simenti. Lebo yake ilisema: mlango wa mbao. Basi. Asante, nilidhani ni wa chapati. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, hauingii popote, na watu walikuwa wanapiga selfi nao halafu wanaenda zao.

Wacha basi niwapeleke ndani ya nyumba yenyewe, maana bila nyumba huo mlango ni mbao tu.

Lamu kuna nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho, watu huiita Nyumba ya Waswahili. Ukienda Lamu, hata kama umeenda kula pweza na kupanda punda, ingia hapo. Nyumba ya mawe ya Kiamu imepangwa kama siri inayofichuliwa polepole. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili. Mgeni ambaye si wa karibu anaishia hapo, anapewa kahawa, anaongea biashara, anaenda. Ukipita mlango unaingia tekani, halafu njia inakata kona, ndio mtu aliye barabarani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, yaani uwanja ulio wazi juu, ndio chanzo cha mwanga na hewa ya nyumba nzima. Baada ya hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, ndani. Kila ukiingia kingine unapanda kidogo, sakafu inainuka. Kadiri unavyopanda ndivyo mwanga unavyopungua na ndivyo unavyokaribia mambo ya familia yenyewe. Kule mwisho kabisa, nyumba ya kati, ndiko wafu wa nyumba hiyo walikooshewa.

Kwa hivyo ule mlango wa nakshi ulikuwa mpaka. Nje kuna mji, ndani kuna ukoo, na nakshi zilikuwa zinamwambia mpita njia: hapa pana watu. Ukiuhamisha ukaupigilia kwa simenti, umebakisha ile sauti lakini umekata sentensi.

Kitu kingine ambacho utakiona na usielewe mpaka mtu akueleze ni wembamba wa vyumba. Ni virefu kama korido, lakini upana haufiki hata mita tatu. Unaweza kudhani walipenda kubanana kama sisi kwa bedsita. Sababu ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka vizuri una urefu wake, haukui zaidi kwa sababu wewe unataka sebule kubwa. Mti ndio uliamua upana wa chumba. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha: boriti hizo hizo zilipakiwa kwa majahazi miaka nenda miaka rudi kupelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Vyumba vya nyumba za zamani huko Kuwait na Bahrain vikawa na upana wa kukaribiana na wa Lamu. Msitu wa Lamu ulipima vyumba vya watu ambao hawakuwahi kufika Lamu.

Ukuta wa ndani ndio wenye zidaka. Sisi wa huku tungesema vidaka. Ni safu juu ya safu za visanduku vidogo vya plasta vilivyochongwa ukutani, vingine vina matao madogo, na ndani yake walipanga sahani za Kichina, vitabu, vyombo vya thamani. Ukikaa kwa kitanda ukaziangalia katika ule mwanga hafifu, ukuta unaonekana kama unarudi nyuma, chumba chembamba kinapata kina. Fundi alikuwa anacheza na macho yako miaka zaidi ya mia mbili kabla ya filta. Plasta ilitokana na chokaa, na chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa magogo. Yale mawe laini ya kuchongea nakshi yalikatwa baharini yakiwa hai na mabichi, yakachongwa haraka kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mawe ya kuta za kawaida yalichimbwa nchi kavu.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kiko chooni. Kuna birika la maji, na ndani yake walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika wamejengea bakuli la kauri, ndio maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Fikiria hiyo akili. Mtu alikuwa na bakuli kutoka China na akaamua kazi yake muhimu zaidi ni kuwa nyumba ya samaki anayezuia malaria. Mimi nimeishi kwa ploti ambayo tangi la maji halijaoshwa tangu nihamie.

Sasa tuache kusifu kwanza, kwa sababu kuna swali ambalo kwa makumbusho mengi ya nyumba, kila mtu analizunguka kama shimo la barabara. Nani alibeba hayo mawe?

Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana. Miji hii ilikuwa na watumwa, na katika karne ya 19, wakati mashamba ya nafaka na nazi ya pwani yalipopanuka, walikuwa wengi sana. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka 1907. Mawe yalikatwa, chokaa ikachomwa, maji yakachotwa, na mikono mingi iliyofanya hayo haikuwa na hiari. Watu hao na maskini wengine wa mji walikaa nyumba za udongo na makuti. Nyumba hizo hazikudumu, na kwa kuwa hazikudumu hazina sahani ukutani wala mlango wa kulindwa na sheria. Makumbusho huonyesha kilichobaki, na kinachobaki ni cha tajiri. Hiyo si njama ya mtu, ni vile udongo na mvua hufanya kazi. Lakini mtoto wa shule akipelekwa ziara anarudi akijua kwamba Waswahili waliishi kwa majumba ya mawe yenye zidaka. Wengi hawakuishi hivyo.

Na hilo si jambo dogo, kwa sababu dharau kwa udongo imewahi kutumika kutunyang'anya hata hayo mawe. Wakati wa ukoloni, msomi akikuta magofu ya mawe pwani, jibu lilikuwa tayari: Waarabu walijenga. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948 na baadaye kusimamia Fort Jesus, alifanya kazi kubwa ya kuokoa magofu yale, na mpaka leo tunatembea juu ya kazi yake. Lakini kitabu chake cha 1954 kiliuita Gedi, kwenye jada kabisa, mji wa Kiarabu. Ujumbe ulikuwa wazi bila kupiga kelele: Mwafrika ni udongo, mgeni ni jiwe.

Halafu miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake wakachimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, mji ulioanza katika karne ya 8 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Walichimba msikiti wa mawe. Chini yake wakapata msikiti mwingine mdogo. Chini zaidi hakukuwa na mawe tena, kulikuwa na mashimo ya nguzo, msikiti wa miti. Nyumba pia zilikuwa na hadithi hiyo hiyo: kwanza miti na udongo, halafu polepole, kizazi baada ya kizazi, matumbawe yanaingia. Hakuna mahali ambapo watu wa udongo wanafukuzwa na watu wa mawe wanashuka kutoka kwa meli. Ni mji mmoja uliobadilisha vifaa. Wageni walikuja, walioa, walizaa, walileta mengi, hakuna haja ya kulikana hilo, wala Mswahili mwenyewe halikani. Lakini nyumba ya mawe ilizaliwa na nyumba ya udongo. Ni mama yake.

Ndio maana nikitoka pwani nakimbilia Kisumu.

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa 1980, na watu wengi wakienda huko huzungumzia nyoka na mamba. Sawa, nyoka ni nyoka. Lakini nje kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo lililojengwa kwa kipimo halisi, sio kile kimfano kidogo cha kadibodi kwa sanduku la kioo. Unaingia kwa lango na moja kwa moja mbele yako, kule mwisho, ni nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inakuangalia. Nyumba ya nyachira, mke wa pili, iko upande mmoja, ya reru, wa tatu, upande mwingine. Kuna maghala, kuna zizi, na karibu na lango kuna simba ya kijana mkubwa. Simba hapa ni nyumba ya kijana wa kiume, sio mnyama. Kimsingi ni keja yako ya kwanza, ila iko langoni kwa baba, ndio ukichelewa kurudi kila mtu ajue.

Ukishatembea Lamu, boma hili unalisoma haraka. Ni mpangilio wa aina ile ile kwa kifaa kingine! Kule cheo kilipimwa kwa umbali kutoka mlangoni, hapa kinapimwa kwa upande na umbali kutoka langoni. Kijana hawezi kuamka tu akajenga boma lake. Baba lazima amtoe, kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto, na kuna mfuatano wa nani kwanza. Nyumba yenyewe inaweza kuliwa na mchwa na kujengwa tena mara kumi. Kinachodumu ni utaratibu. Sasa utauwekaje utaratibu kwa sanduku la kioo? Huwezi. Lazima ujenge boma zima mtu atembee ndani yake, na hapo Kisumu walifanya uamuzi ambao makumbusho mengi yenye bajeti kubwa hayajaufikiria.

Lawama yangu ni moja. Boma lile ni la mtu wa kubuni, mwenye wake watatu, anayeishi katika wakati unaoitwa "zamani". Zamani gani? Nyumba ya Lamu ina karne yake. Fort Jesus tunajua ilianza kujengwa 1593, tunajua hata aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati. Kule ndani kumehifadhiwa hata kipande cha ukuta chenye michoro ya meli na samaki iliyochorwa na askari wa Kireno waliokuwa wamechoshwa na zamu. Mreno aliyeboeka amepata tarehe na ulinzi. Nyumba za bara zinapata neno "za kiasili", kana kwamba babu zetu walijenga nyumba moja tu siku ya kwanza ya dunia wakakaa wakingoja reli. Bomas ya Kenya, iliyoanzishwa 1971, ina tatizo hilo hilo: vijiji vya makabila vimepangwa kama vile hakuna mwaka uliowahi kupita ndani yake. Halafu tunashangaa mbona watu wa rika letu wakisikia Bomas wanafikiria kuhesabu kura.

Na si kwamba bara haina tarehe. Nenda Migori uone Thimlich Ohinga. Kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, bila udongo wa kushikilia, jiwe linashikwa na jiwe. Zilijengwa kuanzia karne ya 16 hivi, mahali pengine zinapita urefu wa mita nne, na jamii tofauti zimezitumia na kuzikarabati kwa zamu. UNESCO iliziweka kwa Orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Kwa hivyo hata ile hadithi ya pwani ni mawe na bara ni matope haisimami. Wakati Wareno wanajenga ngome Mombasa, watu wa upande wa ziwa walikuwa na ngome zao tayari au wako njiani kuzijenga.

Sasa nifike Nairobi, maana najua wengi wenu mnasoma hii mkiwa kwa ploti.

Ile ploti yenu ina historia. Mnajua ile nyumba yenye korido katikati, vyumba kushoto na kulia, kila chumba mpangaji wake, uwanja nyuma wenye bomba na choo cha wote? Huo ni mpango wa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ile ya udongo na fito na baraza mbele, ambayo ilipanda kutoka pwani pamoja na wapagazi, askari na wafanyabiashara, ikakita mizizi kila mahali panapoitwa Majengo. Nairobi ilikuwa Pangani kwanza, halafu Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliupanga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Na wasichana, hii ni yenu: nyingi ya nyumba hizo zilimilikiwa na wanawake. Wakati mwanamke Mwafrika hakutakiwa hata kuonekana mjini, kulikuwa na kina mama Pangani na Pumwani waliojenga kwa pesa zao, wakapangisha vyumba, wakakusanya kodi, wakarithisha nyumba kwa waliowachagua wenyewe. Landilodi wa kwanza wa Nairobi ya Waafrika, mara nyingi, alikuwa mama.

Zile nyumba zinaondoka moja moja, maghorofa yanaingia. Sisemi zibaki zote. Kuna watu wanaishi ndani na wao wanataka choo chao binafsi, sio kuwa maonyesho yangu. Lakini hakuna hata mlango mmoja wa Majengo ninaoujua uliowekwa mahali penye taa na lebo, na sheria haiwezi kuusaidia kwa sababu haukuchongwa nakshi.

Tungeweza kujenga nyumba moja kwa kipimo halisi, kama walivyofanya Kisumu. Korido, vyumba sita, baraza. Chumba kimoja kipangwe cha 1930, kingine cha 1963, kingine cha mwaka huu na soketi ya umeme iliyobebeshwa vitu vitano. Na mlango wa mbele uingie mahali, mtu aufungue, apite, ajikwae kwa ndoo. Kwa chumba cha mwaka huu wachukue mlango wa mabati wa kweli kutoka kwa nyumba inayobomolewa, wenye namba iliyopakwa rangi kwa mkono, hesabu za maji zilizoandikwa kwa chaki, na ile kofuli ya pili ambayo landilodi hufunga kwa nje kodi ikichelewa. Lebo iandikwe mwaka, mtaa, kodi ya mwezi, na jina la fundi aliyeuchomelea.